Mwongozo kamili wa kurusha data za sensa (vifaa vya kupimia, siyo sensa ya watu) kwa UV inayotawanyika hewani, kwa sie wa Mtwara na Lindi

Wengi wakisikia mawasiliano ya mwanga wanafikiria leza, kwamba lazima huku kuone kule na kitu kikipita katikati basi imekufa. Hii siyo hivyo. Hapa unawasha taa ya UV, yaani mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, ya wimbi fupi kabisa unaielekeza juu hewani, mwanga unagonga molekuli za hewa na vumbi unatawanyika kila upande, na kule nyuma ya ukuta kuna kipokezi kinatazama angani kinaokota fotoni (chembe za mwanga) chache za ule mwanga, na hizo chache zinatosha kubeba joto, unyevu na hali ya betri. Katikati unaweza kuwa na ghala, mabati, mikorosho, haijalishi, data inapita kwa juu.

Nitaandika kwa mfano wa ghala la korosho maana ndo mazingira yetu: sensa za unyevu na joto ziko ndani ya ghala, kipokezi kiko ofisini upande wa pili wa uzio, mita 100 hivi, na hamuonani. Ukiwa na mashamba ya chumvi au kituo cha maji kanuni ni zile zile.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Niseme wazi kabisa, kama LoRa (redio ya kurushia data mbali kwa umeme kidogo) inafanya kazi pale kwako tumia LoRa, ni rahisi na ni bei poa. UV inakuja pale redio inaposhindwa au haitakiwi: eneo lenye kelele nyingi za redio, eneo ambalo mwenye nalo amekataza vifaa vya redio, au pale unapotaka ishara yako ife yenyewe kabla haijafika kijiji cha pili. Faida nyingine, UV haiko kwenye masafa ya redio kabisa, redio kwa hesabu za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) zinaishia gigahezi 3,000 na sisi tuko juu ya milioni moja. Ila kama upo karibu na mitambo ya gesi, Madimba au Songo Songo, usidhani kwa kuwa siyo redio basi ruksa, boksi lolote la umeme sehemu yenye hatari ya mlipuko lazima liwe limethibitishwa kwa kazi hiyo na ruhusa itolewe na wenye eneo.

Halafu elewa UV hii haipenyi bati wala ukuta wala jani. Ncha zote mbili lazima zione anga. Sensa inakaa ndani ya ghala, waya unatoka nje, na kirushio kinafungwa nje juu kwenye paa au nguzo.

Kwa nini UV na siyo mwanga mwingine

Jua linatoa UV ya kila aina ila ile ya chini ya nanomita 280, wanaiita UV-C, inamezwa na ozoni huko juu, haifiki kwetu. Kwa hiyo ukipata kipokezi kinachoona kati ya nanomita 200 na 280 tu, kwake yeye saa sita mchana ni giza totoro, na kwenye giza hata fotoni chache zinahesabika. Hilo la kwanza. La pili wimbi likiwa fupi mtawanyiko unapanda kwa kasi sana, ukipunguza urefu wa wimbi nusu mtawanyiko wa molekuli unaongezeka mara 16, ndo maana UV ya nanomita 265 inatawanyika mara 8 hivi kuliko mwanga wa bluu wa 450. La tatu ozoni iliyoko huku chini inaila taratibu, kwa kilomita moja karibu nusu au zaidi inapotea, ndo maana haisafiri mbali na mtu wa mbali hawezi kuidaka.

Wazo lenyewe siyo jipya, MIT kule Marekani walilishika tangu miaka ya 1960 na mataa makubwa ya gesi, likapoa, mpaka miaka ya 2000 LED za UV-C zilipotokea Lincoln Laboratory ya hao hao MIT wakarudi nalo kwa LED za nanomita 274 na safari hii wakilenga sensa ndogo ndogo zilizosambazwa ardhini. Yaani matumizi yetu haya haya.

Sasa jambo letu sisi, na hili ndo nataka ulishike kuliko yote. Maandishi mengi ya kazi hii yanatoka nchi za baridi. Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 20 Oktoba na tena kama tarehe 22 Februari, na ozoni ya ukanda wa joto ni nyembamba kuliko ya kule kwao. Matokeo yake mwanga wa kwenye nanomita 290 hadi 310 unatufikia kwa wingi kuliko kwao, na huo ndo unaovuja kwenye kipokezi chako. Na Oktoba ndo msimu wa korosho unafunguka, maghala yanajaa, minada inaanza, unyevu unatakiwa ujulikane kila saa. Yaani siku unayohitaji data kuliko zote ndo siku anga ina kelele kuliko zote. Kwa hiyo mfumo wako upange kwa saa sita mchana ya Oktoba, ikipita hapo mwaka mzima umeshamaliza.

Usalama, soma hata kama una haraka

UV-C huioni ila inaunguza jicho na ngozi. Mafundi welding wanaijua, unafanya kazi mchana hujisikii chochote, usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Maumivu yanachelewa kwa masaa, kwa hiyo kutosikia kitu siyo dalili kwamba uko salama.

Kipimo cha kimataifa cha ICNIRP (tume ya kinga dhidi ya mionzi kama hii) ni kama jouli 30 kwa mita ya mraba kwa siku ya kazi ya masaa 8, kwa UV ya karibu na nanomita 270. Tuchukue LED ya miliwati 10 za mwanga, isiyo na lenzi, inawaka mfululizo. Ukiwa mita 1 mbele yake unafikia hicho kipimo kwa masaa mawili na nusu hivi, ukiwa sentimita 30 ni dakika 14 tu. Na fundi anapojaribu kitu mezani kwa kawaida yuko sentimita 30. Vaa miwani ya usalama ya polikaboneti inayofunika pembeni, inazuia UV-C vizuri, mikono mirefu, glavu, na watoto wasiwepo pale. Kwenye kufunga weka juu ya mita 3, ielekee angani, isielekee dirisha wala ghorofa la jirani, na ndani ya ghala wanamofanya kazi watu usiwashe kabisa.

Hatua ya 1: nenda kahesabu kelele za eneo

Kabla hujanunua LED nenda eneo lako ukajue kuna UV-C gani tayari ipo. Kuna tyubu ndogo za kugundua moto, mfano UVTRON R2868 ya Hamamatsu, inaona nanomita 185 hadi 260 tu, haioni jua kabisa hata bila filta, na kwenye utulivu haizidi pulsi 10 kwa dakika. Inatumia volti 325 hivi kwa hiyo tumia bodi yake maalum inayokuja na umeme huo, usijitengenezee kwa kubahatisha. Unganisha pulsi zake kwenye ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta), rekodi hesabu ya kila dakika kwa siku kadhaa, iache pale pale utakapoweka kipokezi.

Vitakavyoonekana: welding, hii ndo adui namba moja, ukiwa karibu na gereji au karibu na bandari utaona hesabu inaruka kila fundi akigusa chuma. Moto wa kuchoma mashamba. Radi. Na nyaya za umeme mkubwa ambazo vikombe vyake vimeganda chumvi ya bahari, usiku wenye unyevu zinatoa cheche ndogo ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona ila tyubu inaziona. Ukipata chanzo cha kudumu hamisha kipokezi au kiwekee ukingo wa bati upande ule, kwa sababu kipokezi kinahitaji kipande cha anga tu na hakihitaji kuona upeo mzima.

Hiyo tyubu usiitegemee kwa data yenyewe. Ni ya taratibu mno, na LED ya 270 haitaiona vizuri maana yeye anaishia 260. Kazi yake ni upimaji wa eneo.

Hatua ya 2: kirushio

LED inayotakiwa ni ya nanomita 265 hadi 275. Tahadhari, sokoni ukisema LED ya UV unapewa ile ya zambarau ya 395, ile ya kukagulia noti, haifai hata kidogo. Namna ya kuhakiki bila mashine: vaa miwani, mulika karatasi nyeupe, karatasi itang'aa bluu hafifu. Sasa weka kipande cha kioo cha dirisha katikati. Kama ni UV-C kweli ule mng'ao unakufa kwa sababu kioo cha kawaida hakipitishi UV-C, kama ni ya 395 karatasi inaendelea kung'aa. Jaribio hili lifanye kwa kila LED unayopokea, inachukua sekunde chache.

LED hizi zinakula volti 5 hadi 7, na kati ya umeme unaoingia asilimia chache tu inatoka kama mwanga, iliyobaki yote ni joto. Nunua iliyokwisha pachikwa kwenye kibati cha alumini halafu kibati hicho ukibane kwenye kipande kikubwa cha alumini, maana juu ya paa la bati Lindi mchana siyo mahali pa LED isiyo na pa kutolea joto. Umeme wa volti 12, rezista ya omu 68 ya wati 1 au zaidi, unapata kama miliampia 88, inatosha kwa mwanga wa miliwati 10 na kitu. Kuwasha na kuzima tumia mosifeti (swichi ya kielektroniki) ile inayofunguka kwa volti 3.3, geti lake liende pini ya ESP32, na kutoka geti kwenda ardhi weka rezista ya kiloomu 10. Hiyo rezista usiiache. ESP32 ikiwa inaamka pini zake zinaelea, bila hiyo rezista LED inaweza kuwaka yenyewe na ikabaki inawaka mpaka mtu apande kutazama. Na kwenye programu washa wochidogi, msimbo ukikwama bodi ijianzishe upya.

Dirisha la boksi lisiwe kioo cha kawaida wala plastiki ngumu ya uwazi, zote zinameza UV-C, utakaa unahangaika kumbe mwanga hautoki ndani ya boksi. Inatakiwa kwatsi, aina ile ile inayotumika kwenye tyubu za taa za kuulia vijidudu kwenye maji. Usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanameza UV. Ifute kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili kabla ya kufunga.

Hatua ya 3: kipokezi, na hapa ndo uweke hela

Tabia ya wengi ni kununua LED kubwa zaidi na kuokoteza kipokezi. Fanya kinyume.

Fotodayodi za kawaida za UV hazina ukuzaji wa ndani, kwa mwanga uliotawanyika wa mita 100 hazitaona kitu. Halafu nyingi za bei rahisi zinaona mpaka UV-A, maana yake zinaliona jua lote. Kinachofanya kazi ni tyubu ya kuzidisha fotoni, wenyewe wanaiita PMT, yenye uso wa seziamu na teluri, mfano R7154 ya Hamamatsu inayoona nanomita 160 hadi 320. Fotoni moja ikigonga uso inang'oa elektroni moja, elektroni hiyo inazidishwa mle ndani mpaka zinakuwa mamilioni, inatoka pulsi unayoweza kuihesabu. Zipo zilizotumika, zinachomolewa kwenye mashine za maabara, bei inashuka sana, ila ipimie kwanza gizani uone hesabu zake za bila mwanga.

Angalia hiyo 320. Jua letu linaanzia 290 hivi. Kati ya 290 na 320 ile tyubu inaliona jua, na bila filta mchana unaweza kuiua kabisa. Kwa hiyo mbele yake lazima filta inayopitisha eneo la 265 mpaka 280 na kuzuia kuanzia 300 kwenda juu angalau mara milioni 100. Usikubali filta ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha mchoro wake wa upitishaji. Filta ndo kitu ghali kuliko vyote humu, na ndo kitu kimoja ambacho hakina njia ya mkato kwa jua la huku kwetu.

PMT inatumia volti mpaka 1,000 hivi. Tumia moduli iliyofungwa ya kutengeneza hizo volti, zima na subiri kapasita zimalizike kabla hujafungua boksi, na usiwashe tyubu ikiwa wazi kwenye mwanga wa chumba, inaharibika. Pulsi zinazotoka ni fupi mno, unahitaji amplifaya ya kasi, kisha komparata ya kukata kelele ndogo ndogo, kisha saketi ya kurefusha pulsi kidogo ndo ziende ESP32. ESP32 ina kaunta ya pulsi ndani yake, PCNT, inahesabu yenyewe bila kusumbua programu.

Hatua ya 4: piga hesabu kabla ya kupanda paani

Fotoni moja ya nanomita 275 ina nishati ya 7.2 × 10⁻¹⁹ jouli. Miliwati 10 kwa hiyo ni fotoni kama 1.4 × 10¹⁶ kwa sekunde. Chukulia njia yako inapoteza desibeli 100, yaani mara bilioni 10, zinakufikia fotoni milioni 1.4 kwa sekunde. Filta inapitisha labda asilimia 20, tyubu inakamata labda asilimia 20 ya zilizopita, unabaki na hesabu 55,000 kwa sekunde. Hiyo ni nyingi, unaweza kutuma biti 1,000 kwa sekunde bila shida.

Sasa njia ikipoteza desibeli 110, ambayo kwa ncha zote mbili kutazama juu wima ni kitu cha kutegemea, unabaki na 5,500. Tuma biti 100 kwa sekunde, kila biti ina nusu mbili za milisekunde 5, nusu inayowaka inapata hesabu 27 za ishara. Asubuhi kelele ya anga ikiwa 2,000 kwa sekunde, kila nusu ina 10 za kelele. Tofauti ni 27, na kuyumba kwa hesabu ni kipeuo cha pili cha jumla ya hesabu za nusu zote mbili, kama 7. Karibu mara nne, safi. Ila mchana wa Oktoba kelele ikipanda mpaka 20,000, kila nusu ina 100 za kelele, kuyumba kunakuwa 15, na 27 yako haifikii hata mara mbili ya hiyo. Pakiti zinakufa.

Hapo una njia tatu. Kupunguza kasi mpaka biti 20 kwa sekunde, kila nusu inakuwa milisekunde 25, ishara 137, kuyumba kama 34, unarudi mara nne. Kuboresha filta. Au kuinamisha ncha zielekeane, ukishusha upotevu kwa desibeli 10 tu ishara inapanda mara 10, inakuwa 275 kwa nusu ya milisekunde 5 na kuyumba ni kama 22, yaani unazidi mara 12. Ona hiyo tofauti, kuinamisha nguzo hakugharimu chochote. LED ya pili ingekupa mara mbili tu. Ndo maana nasema kipokezi kwanza, pembe pili, nguvu ya taa mwisho kabisa.

Hatua ya 5: pembe

Ukielekeza zote wima huhitaji kulenga, hiyo ndo raha yake, ila unalipa kwa upotevu. Ukiziinamisha zikaelekeana kwa nyuzi 30 mpaka 45 juu ya upeo, miale ya kirushio na jicho la kipokezi vinakutana chini zaidi na karibu zaidi, ishara inapanda sana. Sheria yangu ni kuinamisha mpaka pale kizuizi kirefu kuliko vyote kinapobaki chini ya mwale, halafu ongeza nyuzi 10 hivi za tahadhari kwa sababu mkorosho unakua na matawi yanacheza na upepo. Kama kuna mwembe mkubwa pale katikati usishindane nao, panda juu zaidi au hamisha nguzo.

Usihofie mwangwi kwa kasi hizi. Mwanga ukizunguka mita 300 za ziada unachelewa mikrosekunde 1, na sisi biti yetu ni milisekunde 10.

Hatua ya 6: programu

Tumia usimbaji unaoitwa Manchester. Biti 1 ni nusu ya kwanza inawaka ya pili inazima, biti 0 ni kinyume chake. Kipokezi kinalinganisha nusu na nusu tu, ipi ina hesabu nyingi, hakihitaji kizingiti chochote, na hii ni muhimu kwa sababu wingu likipita mbele ya jua kelele inabadilika ndani ya sekunde na kizingiti ulichokiweka asubuhi kinakuwa upuuzi.

Pakiti: baiti 4 za kuanzia zenye 1 na 0 kwa kupokezana, baiti 2 za alama ya mwanzo, baiti 1 namba ya sensa, 1 joto, 1 unyevu, 1 betri, 1 ya CRC (namba ya kuhakiki kama pakiti imefika sawa). Jumla baiti 11, biti 88, kwa kasi ya 100 ni sekunde 0.88. Kipokezi kisome kaunta kila milisekunde 1.25, yaani mara nne ndani ya kila nusu, kisha programu iteleze kutafuta wapi ule mpangilio wa kuanzia unalingana vizuri zaidi, ikishapata inasoma biti zilizobaki. CRC ikikataa tupa pakiti nzima usijaribu kuiokoa, unyevu wa korosho ukisomwa uongo mtu anaweza kufanya uamuzi mbaya wa mzigo mzima.

Ukituma kila dakika 15 ni pakiti 96 kwa siku, na kwa kuwa LED inawaka nusu ya muda inakuwa imewaka sekunde 42 tu kwa siku nzima. Betri haitaisikia, kinachokula betri ni ESP32 kama hujailaza, kwa hiyo ilaze usingizi mzito kati ya pakiti. Na upande wa usalama, mtu akisimama mita 1 mbele ya LED siku nzima kwa sekunde hizo anapata kama 0.13 jouli kwa mita ya mraba, mbali kabisa na ile 30. Ila hiyo ni kama programu inafanya kazi sawasawa, ndo maana ya ile rezista na wochidogi.

Hatua ya 7: funga na ujaribu

Jaribu usiku kwanza. Usiku kama haipokei tatizo ni mitambo yako, usilisingizie jua. Kata kata tatizo: weka kirushio mita 5 mbele ya kipokezi, LED ikitazama mbali na kipokezi, ishara ipo? Weka kioo cha dirisha mbele ya LED, ishara imekufa? Kama haijakufa kuna umeme unavuja kwenye nyaya zako unahesabika kama mwanga, kagua ardhi na waya wa PMT. Ukishavuka hapo sogea mita 20, 50, 100, kila mahali andika hesabu na pembe.

Kisha mchana, saa sita, siku ya jua kali, siyo ya mawingu. Kama huwezi kusubiri Oktoba, Februari jua nalo liko utosini ila mvua ni nyingi, subiri siku ya anga safi. Rekodi asilimia ya pakiti zinazofika kwa kila saa ya siku, ukiona zinashuka kati ya saa nne na saa nane mchana peke yake, hiyo ni filta au pembe. Ukiona zinashuka ovyo ovyo bila saa maalum, tafuta fundi welding.

Unaweza pia kuiacha programu ijipangie, mchana itume kwa biti 20 na usiku kwa 100, kipokezi kijaribu kasi zote mbili.

Sensa nyingi kwa kipokezi kimoja

PMT ni moja tu ofisini, virushio ni vingi, haviwezi kusikilizana. Acha kila kimoja kitume kwa muda wake na ongeza kuchelewa kwa kubahatisha sekunde chache kila mara. Ukiwa na sensa 8 zenye pakiti ya sekunde 0.88 kila dakika 15, uwezekano wa pakiti kugongana ni asilimia 1 na nusu hivi. Tuma kila pakiti mara mbili kwa nafasi isiyo sawa na tatizo hilo linaisha. Ukienda biti 20 pakiti inakuwa sekunde 4.4, hapo kugongana kunapanda mara tano, basi punguza kutuma iwe kila nusu saa, unyevu wa ghala haubadiliki kwa dakika.

Hewa yetu na matunzo

Ukungu mwepesi na unyevu hewani haviharibu, mara nyingine vinasaidia kwa umbali mfupi maana vinaongeza mtawanyiko. Ukungu mzito kama ule unaoshuka asubuhi Newala, au moshi mnene, unaua mbali ila karibu unaweza kubaki. Mvua yenyewe siyo shida sana, shida ni matone yanayokaa kwenye dirisha, kwa hiyo weka kikofia na uinamishe dirisha maji yateremke.

Shida kubwa mbili ni chumvi na salfa. Ukiwa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, upepo wa bahari unaacha utando wa chumvi kwenye kwatsi, uufute kwa maji safi kwanza ndo alkoholi, ukianza na kitambaa kikavu unakwaruza. Na kuanzia Juni hivi wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, ile poda ya njano inameza UV vibaya sana na inasafiri na upepo mpaka kwenye paa lako. Utaona ishara inashuka kidogo kidogo wiki kwa wiki na kila kitu kwenye mitambo kiko sawa. Safisha madirisha yote upulizaji unapoisha, na tena kabla ghala halijafunguliwa kupokea mzigo, ukimaliza rekodi hesabu mpya ya ishara usiku ya kila kirushio uiandike kwenye boksi lake kwa maka, mwaka unaofuata ukiikuta imeshuka chini ya nusu na dirisha ni safi, hapo ndo ubadilishe LED.